Jibu Lisilo la Mkwe

Somoe mwanangu,

Kalamu hii nimeishika tangu jua halijazama, na sanduku lako bado halijafungwa. Najua kwa sababu zipu yake ina kelele ya kuudhi na sijaisikia. Mama yako amepita mlangoni kwangu mara kadhaa akijifanya anatafuta kibiriti. Hatafuti kibiriti huyo. Anataka kujua kama nitakujibu.

Tangu juzi, tulipokuwa tunakula, nyumba hii ya Magomeni, hapa Mtwara, imekuwa kama chumba cha mtihani. Kila mtu anatembea kwa ncha za vidole na hakuna anayemtazama mwenzake. Uliniuliza, "Baba, unataka niende Uholanzi au hutaki?" Nami nikanawa mikono polepole, nikasema, "Nenda mwanangu, ni jambo la heri, Mungu akutangulie." Ukanitazama. Ukasema, mbele ya mama yako, bila hata kupandisha sauti: "Hilo ni jibu la mkwe, Baba. Mimi si mkweo, mimi ni mwanao. Usiponipa jibu la kweli, basi la alfajiri la kwenda Dar es Salaam sipandi." Ukainuka, ukaacha wali kwenye sahani.

Nilikasirika, sikufichi. Nilitaka kukuita urudi umalize chakula kama mtoto wa darasa la pili. Kisha nikakaa na hasira yangu, na ilipopoa nikakuta chini yake kuna woga mtupu. Ulisema kweli. Lile lilikuwa jibu la mkwe, na Mtwara nzima hakuna mtu anayelijua jibu la mkwe zaidi kuliko mimi. Nimelipokea, nimelitoa, na nimelichapisha kwa wino mzuri.

Na wewe nakujua. Ukisema hupandi, hupandi. Nafasi ile ya masomo itakwenda kwa mwingine, nawe utabaki hapa ukinipikia chai na kunisamehe kila siku, jambo ambalo sitaliweza. Kwa hiyo usiku huu sina pa kujificha.

Mambo ya sweta, pasipoti na unga wa ugali mwachie mama yako. Mimi nitakujibu ulichouliza. Ila umelelewa na mwalimu, na mwalimu hafiki kwenye jibu bila kuzunguka ubao mzima kwanza. Nivumilie.

Nilikuja Mtwara miaka ya tisini, kijana wa Tabora, nimepangiwa kufundisha somo ambalo hata wakuu wangu walilitaja kwa kusitasita: mawasiliano ya kiufundi. Watu waliniuliza maana yake ni nini. Nikawaambia, ni kumfundisha fundi aandike namna ya kutumia kitu, ili mtu aliye mbali na fundi akitumie bila kuumia. Walitikisa vichwa kwa adabu na kuniuliza kama Tabora kuna asali kweli. Chuoni nilikuwa peke yangu na somo langu. Wenzangu wa hisabati walikuwa na wenzao wa kugombana nao. Mimi niligombana na chaki.

Nikamwoa mama yako, nikawa mkwe wa Kitaya, kijijini kwao. Kwetu nako tunawaheshimu wakwe, lakini Kitaya nilikuta heshima imepandishwa cheo. Nikikutana na babu yako kwenye njia ya kwenda bondeni kwenye mpunga, mmoja wetu lazima apinde. Hatukula sahani moja. Hata maneno yalihitaji wa kuyabeba. Mzee akiwa na jambo kwangu atamwambia mama yako, "Mwambie nkwe wangu mnyororo wa baiskeli yake umelegea," na mimi nimesimama hapo hapo, mkono kwenye usukani, namsikia. Nami nitasema, "Mwambie mzee nashukuru." Tumeishi hivyo miaka yote hii, kwa upendo kabisa.

Wewe ulizaliwa upande wa pili wa ukuta huo. Wewe ni mjukuu, na mjukuu ni mtani. Alikuita "mke wangu" kabla hujaota meno, na ulipoota ukamcheka kwamba yeye yanamtoka. Yale ambayo angekufa bila kuniambia mimi, alikwambia wewe akiwa anamenya muhogo.

Halafu akaja Marijke. Wewe unamjua kwa barua zake za miaka hii, lakini nataka umjue kama nilivyomjua mimi. Alikuwa mhadhiri Uholanzi, somo lile lile langu, na alipata jina langu kwenye orodha ya watu waliokuwa wanalifundisha sehemu hizi za dunia, orodha ambayo bila shaka ilikuwa fupi. Akaniandikia. Wakati huo barua pepe tulikwenda kuisomea kwenye kibanda cha intaneti mjini, kwa foleni, na umeme ukikatika katikati ya sentensi unaanza upya siku nyingine. Aliandika kwamba anataka tufundishe pamoja: wanafunzi wangu waandike maelekezo ya kutumia kitu, wanafunzi wake wayasome kama wasiojua kitu, wayarekebishe, wayarudishe. Muhula unaofuata tubadilishane.

Nilisoma barua ile kibandani mpaka mwenye zamu akanigusa bega. Somoe, sijawahi kufurahi kazini kama miaka ile. Lazima ulielewe hilo, la sivyo mengine yote utayaona ni ujinga tu. Alipokuja mwenyewe alifikia Shangani, na jioni tulitembea kando ya bahari tukibishana mpaka watoto wanatufuata kutucheka. Kwenye kila karatasi ya mwanafunzi aliandika pembeni swali moja: Msomaji wako ni nani? Nililipenda swali lile. Nililibandika ukutani ofisini. Sikuwahi kujiuliza mimi msomaji wa nani.

Madarasa yetu mawili hayakuelewana hata kidogo mwanzoni. Wanafunzi wangu walianza barua zao na salamu, wakauliza afya za wazazi, hali ya hewa, masomo, na swali lenyewe likaja mstari wa mwisho limejikunyata. Waholanzi wakalalamika kwamba hawaoni swali. Wao waliandika mistari miwili bila hata hujambo, na vijana wangu wakanijia wamenuna: "Mwalimu, hawa wanaandika kama wanatudai." Vijana wangu wasipokubaliana na jambo walinyamaza. Waholanzi wakahesabu kimya kuwa ni ndiyo na kuendelea.

Mimi nikawa mshenga. Maneno makali ya kule niliyatia sukari kabla ya kuyasoma darasani, na manung'uniko ya huku niliyapiga pasi kabla ya kuyatuma. Marijke alinisifu kwamba ushirikiano wetu hauna magomvi. Bila shaka hauna, yote nilikuwa nimeyameza mimi.

Kazi yetu kubwa ilikuwa karatasi ya maelekezo ya mashine ya kupulizia salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Vijana wangu waliichagua wenyewe, maana karibu kila mmoja alitoka kwenye nyumba ya mikorosho na anajua adha ya ugonjwa wa ubwiriunga ukishika maua. Waliandika vizuri. Mstari wa kwanza kabisa ulisema: kabla hujagusa mashine, jua upepo unatoka wapi, uupe mgongo. Karatasi ikaenda Uholanzi, ikarudi imependeza, michoro safi, herufi kubwa. Ila upepo umehamishiwa ukurasa wa nyuma. Walieleza kwamba maelekezo ya mashine huanza na sehemu za mashine, kisha kuwasha, kisha ndipo matumizi shambani.

Kijana mmoja wa Newala alisimama akasema, "Mwalimu, upepo uanze. Hapa mtu akishawasha, kelele ile na uzito ule mgongoni, nani atageuza karatasi?" Darasa zima likaguna kukubali. Nikamwambia ana hoja na nitaifikisha. Jioni ile nikamwandikia Marijke kwamba wanafunzi wangu wameyapenda sana mabadiliko.

Ukiniuliza kwa nini, nitakujibu kama nilivyojijibu wakati ule: alikuwa mgeni wangu, alikuwa amehangaika kutafuta fedha za kuchapisha, wanafunzi wake wamekesha kwa ajili yetu, si vizuri. Hiyo "si vizuri" yetu, Somoe, imefanya maovu mengi kuliko wizi.

Akasema sasa tuijaribu kwa watu wenyewe. Tupate kijiji, tuwape watu karatasi na mashine, asiwepo wa kuwasaidia, tuone wanakwama wapi. Yeye alikuwa amesharudi kwao, kwa hiyo kazi ikawa yangu. Nami nikafikiri, nitakwenda wapi nipokelewe vizuri na watu waache shughuli zao wanisikilize? Nikaenda Kitaya. Nikapeleka karatasi yangu ikapimwe na wakwe.

Angalia nilichofanya. Katika vijiji vyote vya mkoa huu, nilichagua kile ambacho ni mwiko mtu kunivunjia heshima.

Siku ile ilikwenda kama harusi. Babu yako alikuja amevaa kanzu, akaishika karatasi mbele ya macho muda wa kutosha, akanyanyua uso, akaugeuzia upepo mgongo kabla hajagusa kitu, akawasha mashine kwa mvuto wa kwanza. Wajomba zako vivyo hivyo. Hakuna aliyekwama popote. Nilipiga picha. Niliporudi mjini niliandika taarifa usiku ule ule kwa furaha. Marijke hakuuliza wale watu ni nani kwangu, nami sikumwambia. Hata haikunijia kwamba ni jambo la kuambiwa.

Sasa nafika mahali ambapo mimi na wewe hatujawahi kupasema, ingawa tumepakanyaga miaka yote hii.

Ulikuwa kidato cha pili, umerudi kutoka likizo Kitaya, umeungua jua na mdomo umejaa habari. Tukiwa tunakula ukaanza kucheka peke yako. Mama yako akakuuliza kuna nini. Ukasema, "Babu anasema karatasi ya Baba ina upepo nyuma kama mkia wa mbuzi." Ukaeleza, huku unacheka mpaka machozi, kwamba mzee aliposikia nakuja aliita mtu mwenye mashine akaja kuwafundisha wote kuiwasha, asije mkwe wao akaaibika mbele ya Wazungu wake. Kwamba siku ile hakusoma hata neno, alikuwa anahesabu moyoni muda ambao msomaji angechukua, na karatasi yenyewe aliisoma baadaye nilipoondoka. Kwamba alisema, "Tumemfichia aibu. Lakini mke wangu, wangeifuata karatasi yenyewe, wangekula salfa wale wanangu!"

Karatasi zilikuwa bado hazijakwenda kiwanda cha uchapaji. Zilikuwa kwenye bahasha, pale juu ya kabati.

Nikakwambia, "Nyamaza. Babu yako anakutania."

Ukaacha kucheka. Sikukupiga, sikukufokea, na ningekupiga pengine ungesahau. Ulinitazama tu kama mtu aliyegonga mlango wa kwao akaambiwa wenyewe hawapo. Kesho yake nikaipeleka bahasha.

Yaliyofuata unayajua kwa sababu uliyaandika wewe mwenyewe baadaye, na uliyaandika kwa haki. Karatasi zilikwenda kwenye vijiji ambako mimi si mkwe wa mtu. Huko hakuna aliyekuwa na aibu yangu ya kuficha, kwa hiyo waliisoma. Bi Zainabu, mjane mwenye mikorosho aliyoachiwa na mumewe, aliisoma ukurasa wa mbele neno kwa neno, akavaa mashine, akawasha, upepo uko usoni kwake. Macho yalivimba yakajifunga. Kabla hayajafunguka vizuri maua yalikuwa yameshaungua na ubwiriunga, na msimu wake ulikuwa umekwisha.

Mimi na mama yako tulikwenda kumwona. Alikuwa ameketi barazani na kitambaa chenye maji usoni. Nilianza kujieleza, kwamba ukurasa wa nyuma kulikuwa na maelezo ya upepo. Akageukia upande sauti yangu inakotokea. "Mwalimu," akasema, "nilifuata karatasi." Hakunilaumu zaidi ya hapo, na alimwambia binti yake atuletee maji ya kunywa.

Nilizunguka kwa baiskeli vijiji vyote nilikopeleka zile karatasi nikazikusanya, na niliyemkuta nazo nilimwambia kwa mdomo: upepo kwanza. Hiyo nilifanya na sijutii hata tone la jasho. Lakini Marijke alipoandika kuuliza msimu umekwendaje, nilikaa kwenye kile kibanda, nikaandika habari yote, nikaisoma, nikaifuta. Nikamwandikia kwamba mambo ni mazuri na watu wanamsalimu. Yeye akaandika makala kwa wenzake wa dunia nzima kuhusu karatasi iliyoeleweka na kila mtu, akaweka jina langu pembeni ya lake. Nikamwandikia asante.

Miaka ile yote nilidhani nilikosea kwa kupima karatasi kwa wakwe. Wewe ndiye uliyeniona vizuri zaidi. Mwaka wako wa mwisho Dar es Salaam uliandika kazi yako juu ya jambo hilo hilo, ukaipeleka kwa Marijke bila kunitaarifu, na nilipoisoma nakala yake nilihisi umenivua nguo sokoni. Nilikuambia maneno kwenye simu ambayo sitayarudia hapa. Nilisema umemuuza baba yako. Ukanijibu, "Mficha uchi hazai, Baba," ukakata simu, nikabaki nimeshika chombo sikioni kama mjinga.

Kilichoniuma hakikuwa Bi Zainabu kuandikwa. Ni ile sehemu uliyosema kwamba katika ushirikiano wetu mhadhiri wa Mtwara mwenyewe alikuwa mkwe wa Waholanzi. Kwamba alijibu ndiyo kwa kila kitu ili wenye nyumba wasione aibu, akajifunza mashine yao kisirisiri ili aonekane ameelewa karatasi yao. Niliisoma sehemu ile nimesimama. Nilikaa baadaye.

Marijke naye aliniandikia. Amesahihisha ile makala hadharani kwa jina lake na langu, na amesema anaomba radhi kwamba alimuuliza kila mwanafunzi msomaji wake ni nani na hakuwahi kuniuliza mimi wale watu wa Kitaya ni nani kwangu. Barua ile sijaijibu. Na kesho unakwenda kwake, kusoma na kuanza naye ushirikiano mpya, na wazo lako ndilo linalouendesha: kwamba karatasi kama ile ya Kitaya ipimwe na watani. Apewe mtu aliye na ruhusa ya kumcheka aliyeiandika. Niliposikia wazo hilo mara ya kwanza niligeuza uso nikajifanya nasoma gazeti. Lilikuwa zuri mno na halikuwa langu.

Babu yako alifika leo baada ya sala ya alasiri, umemwona, na begi lake la korosho na ule utani wake kwamba mkewe anamkimbia kwa Wazungu. Hukuona kilichotokea ulipokwenda kwa jirani kuaga. Mzee alikaa sebuleni, mimi nikahamia chumbani kama desturi, mlango wazi. Mama yako akawa katikati. Nikamsikia mzee anasema, kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika kwa mtu aliyeketi mbele yake:

"Fatuma, mwambie nkwe wangu, ile karatasi yake ilikuwa mbaya."

Hakuna aliyewahi kumfundisha mama yako la kufanya na sentensi ya namna hiyo.

"Mwambie," mzee akaendelea, "siku ile nilimfichia. Nilidhani namsitiri. Yule mama akaumia macho kwa heshima yangu mimi. Mwambie nimekuwa mzee sasa, sitaki kufa nayo. Na mwambie huyu ntoto akiuliza, ajibiwe."

Kumbe ulimwambia. Bila shaka ulimwambia, wewe na mumeo huyo hamna siri.

Nilisimama nyuma ya mlango kama mwizi. Mama yako akaja mpaka kizingitini, machozi yanamlengalenga, akaanza, "Baba anasema..." Nikamwambia nimesikia. Kisha nikafanya jambo ambalo sijalifanya tangu nimwoe. Nilitoka. Nikasimama sebuleni mbele ya mzee, naye akainua macho akashtuka kama ameona nyoka. Nikasema, "Mzee, ilikuwa mbaya. Nilijua." Yeye akatazama mkeka. Mimi nikatazama ukuta. Tulikaa hivyo, wawili tumeaibika kabisa, mpaka mzee akasema kwa upande wa mama yako, "Mwambie basi akae." Nikakaa.

Ndipo nikachukua kalamu. Mzee huyu ameweza, na mimi nashindwaje?

Jibu lako, Somoe.

Hapana. Sitaki uende.

Sitaki kwa sababu naogopa. Naogopa utakaa kwenye meza ndefu na watu wema, na siku moja watahamishia upepo ukurasa wa nyuma, na wewe utakumbuka wema wao na kusema ni sawa. Una damu yangu, na nimeona unavyowajibu wageni. Naogopa pia kinyume chake, kwamba hutasema ni sawa, na utakuwa peke yako kwenye hiyo meza. Sitaki kwa sababu nina wivu. Ile safari ilikuwa yangu. Nilialikwa wakati ule kwenda kuzungumza mbele ya wenzake, nikaahirisha, nikaahirisha tena, kwa kuwa nilijua nitaulizwa habari za Kitaya. Sasa unakwenda wewe, na utaulizwa, na utajibu. Nakuonea wivu mwanangu wa kumzaa. Ni aibu, lakini ni kweli.

Na sitaki kwa sababu ukiondoka hakuna atakayeniambia ninaposema uongo. Mama yako ananipenda mno. Wanafunzi wangu wananiogopa kidogo. Babu yako ameongea leo na sidhani ataongea tena mpaka Idi nyingine. Umekuwa ukinitia uchungu tangu kidato cha pili, na nyumba bila uchungu huo naiogopa.

Nimesoma tena niliyoandika, nikashikwa na tamaa ya kuyalainisha. Sitayalainisha.

Lakini uliniuliza jibu la kweli, hukuniambia lazima liwe ndiyo. Hukuomba ruhusa, ulitaka ujue baba yako yuko wapi amesimama kabla hujaondoka, upate kumpa mgongo au uso ukijua. Umeshajua sasa. Na kwa kuwa hapana yangu ni ya kweli, naomba uliamini na hili: radhi yangu unayo, yote, sikubakiza hata kipande cha kukushikia. Sitaki uende, na ukibaki kwa ajili yangu sitakusamehe.

Marijke usimpelekee salamu zangu. Nimebeba maneno ya watu vya kutosha, na wewe sikufanyi mshenga. Barua yake nitamjibu mwenyewe, na nitaanza na Bi Zainabu, bila salamu, kama Mholanzi. Akikuuliza habari zangu, mwambie unavyoniona wewe. Na siku utakayokuwa hujaelewa jambo kule, au umeelewa na umekataa, na ulimi umeanza kusema "ni sawa," mkumbuke babu yako na kanzu yake, anahesabu moyoni mbele ya karatasi asiyoisoma. Alinipenda sana siku ile.

Mama yako amepita tena. Safari hii hakutafuta kibiriti. Amesimama tu mlangoni, ameona karatasi zimejaa, akaondoka. Barua hii ataileta yeye, maana mimi bado naona haya kufika chumbani kwako, lakini maneno si yake, ni yangu mimi, moja kwa moja kwako.

Nimekujibu. Sitalala. Nitakaa hapa hapa, taa ikiwaka, nisikilize zipu.

Baba yako